Kopo la Fataki na Samaki wa Biira

Nikisikia karanga zinatikiswa ndani ya kopo la bati, mpaka leo, na mvi zote hizi, naruka. Nyumbani kwangu karanga hukaa kwenye kikapu. Mgeni akija na zake kwenye kopo, mke wangu humpokea mlangoni na kuzimimina kabla hajaketi, na mgeni hubaki ameduwaa. Nyinyi vijana mnaotaka kazi ya njia ya reli mmeniuliza mara nyingi ni kitu gani cha kwanza mtu ajue, nami nimekuwa nikiwapiga chenga kwa hadithi za viboko. Leo nitawaambia, na mtanisamehe nikikatisha maneno njiani.

Mnadhani treni ya kupeleka watu kazini asubuhi na kuwarudisha makwao jioni ni mambo ya miji mikubwa tu. Kasese tulikuwa nayo miaka ya hamsini, mara tu reli ilipotufikia. Kasese yenyewe wakati huo ilikuwa stesheni, maduka ya mabati mstari mmoja, na vumbi. Lakini shaba ya Kilembe ilikuwa inashuka kuja kupakiwa, na wapakiaji, mafundi na makarani hawakuwa na pa kulala mjini. Wengi waliishi kwenye kambi walizoziacha wajenzi wa reli, ng'ambo ya kinamasi cha mafunjo. Kwa hiyo kila asubuhi injini moja ndogo ilivuta mabehewa mawili kutoka kambi ya mwisho, ikavuka kinamasi, ikaingia mjini. Kwa miguu ni nusu siku. Kwa treni hujamaliza kupiga soga na jirani yako, umefika. Sisi tuliiita Chapuchapu.

Kazi yangu ilikuwa kuitangulia. Alfajiri nilitembea juu ya mataruma, yale magogo yanayobeba reli, kipande chote cha kinamasi, nyundo begani, bendera mbili kwapani, nyekundu na kijani, na kopo la fataki kiunoni. Kama hamjaziona fataki za reli, ni vidonge vya bati vyenye baruti ndani, vipana kuliko kifuniko cha soda. Unakifunga kimoja juu ya reli. Gurudumu likikikanyaga, paa! Dereva asiyeona bendera atasikia mlio. Kila mtembea njia alipewa fataki kumi na mbili, na mnyapara wetu, mzee Thembo, alipokuwa ananikabidhi zangu alilishika kopo mbele ya pua yangu.

"Hii hapana yako," alisema. "Hii iko ya watu ndani ya gari. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

"Mzee iko nyumbani! Hapa sema afande!"

Thembo alikuwa askari katika vita ya wazungu na hakuwahi kuivua ile vita mwilini. Hata kukuomba chumvi alikuamuru. Mimi aliniita Masereka wa Maliba, kwa sababu kwetu Bukonzo jina hufuata zamu ya kuzaliwa, na kila mtoto wa kiume wa tatu ni Masereka. Kwenye genge letu tulikuwa Masereka watatu. Akiita Masereka tu, tunakuja wote, naye anatufukuza wawili.

Lakini ufundi alikuwa nao. Alinifundisha kugonga reli kwa nyundo na kusikiliza: ikilia kwa uwazi, endelea, ikijibu kwa sauti nzito, piga magoti uangalie chini yake. Na juu ya kinamasi alinifundisha jambo ambalo sijaliona kwenye kitabu chochote. Pale tuta la reli lilijengwa juu ya matope, na matope hayalali usingizi. "Tazama mafunjo," alisema. "Ikisimama, mzuri. Ikiinamia reli, tope inatembea. Usipite!" Lishikeni hilo. Mimi nililishika kwa mdomo, kichwani halikuingia.

Sasa nije kwenye makosa yangu, na la kwanza lilianza kwa wema.

Kulikuwa na mama mmoja muuza samaki, jina lake Biira, mwenyeji wa Kasenyi. Mtumbwi ulimvusha ziwa na kumteremsha kwenye ukingo wa kinamasi, karibu kabisa na reli, kisha akatembea kwenda soko la Kasese na kapu la ngege kichwani. Chapuchapu ilimpita kila siku ikimpulizia moshi. Nilimwonea huruma. Siku moja nikapewa bendera mpya, nikaichana ile nyekundu iliyochakaa, nikampa kipande.

"Gari likija, pepea hiki," nilimwambia. "Saidi atasimama. Dereva haruhusiwi kupita nyekundu."

Na kweli Saidi alisimama. Saidi alikuwa dereva wa Chapuchapu, Mwislamu wa Bwera, wa ukoo wa wasafirishaji, na Kiswahili chake kilikuwa cha mpakani. Alimtazama Biira, akatazama kitambaa, akatazama samaki. "Mama, panda," alisema, "lakini kesho ulete mbili kwa mutu ya injini." Kesho yake akaletewa mbili, na bendera ya hatari ikawa tiketi.

Mnacheka? Subirini. Baada ya mwezi, kila mama mwenye mihogo, mkaa au kuku kando ya reli alikuwa na kitambaa chekundu. Mmoja alipepea gagulo lake. Mwingine alitundika kitambaa kwenye mti akaenda kulala kivulini, ili gari likifika limsubiri. Chapuchapu ikawa inasimama kila mahali, makarani wanachelewa, wanatukana dirishani. Sisi wa njia tulicheka mpaka tukashika mbavu. Sikuona kwamba nimechukua kitu kimoja tu ambacho dereva alitakiwa kukiogopa, nikakifanya cha mchezo.

Siku moja mkubwa mmoja wa njia alipanda Chapuchapu. Aliposhuka Kasese alikuwa mwekundu kuliko vitambaa vyote. Amri ikatoka siku ileile: kati ya stesheni na kambi, dereva asisimame kwa kitambaa cha mtu yeyote, ila cha mfanyakazi wa reli aliyevaa kofia ya reli. Saidi aliambiwa akisimama tena kwa samaki, arudi Bwera. Alikuwa na watoto sita. Akaikariri ile amri kama sala.

Kosa la pili ni la furaha. Nilioa. Mbambu wangu alikuja kambini kwa Chapuchapu, na mzee Thembo akasema bibi harusi wa mtu wa reli lazima apokewe na reli. "Lete kopo," akaniamuru. Nililifungua kwa mkono wangu mwenyewe, nikampa fataki moja moja, naye akazifunga kwenye reli kumi na mbili zote kuelekea kambini. Lo! Ya kwanza ilipolia Mbambu nusura aruke dirishani. Kufikia ya tano alikuwa anacheka na kupiga makofi, na kambi nzima inapiga vigelegele. Sijawahi kusikia ngoma tamu kuliko ile. Thembo akasema ataandika barua ya kuomba nyingine wiki hiyohiyo. Akaandika. Barua ikaenda kwa wakubwa na kukaa huko walikokaa wakubwa.

Mbambu alikuta kopo tupu, akaliosha, akanijazia karanga za kukaanga, nitafune njiani. Nikaona nimepata mke. Nikalifunga kiunoni palepale pa siku zote.

Wiki ya tatu baada ya harusi mvua ilinyesha milimani, na asubuhi kukapambazuka kweupe, mbingu safi. Siku hiyo zamu yangu ilianzia Kasese, nikatembea natokea upande huo kuelekea kambini, napiga mluzi. Katikati ya kinamasi nikaona mafunjo yameiinamia reli, upande mmoja wote. Niliyaona, jamani. Nikasema moyoni, kiboko huyo amepita. Nikagonga reli, ikajibu kwa sauti nzito. Nikasema, umande. Mtu akiwa na mke wa wiki tatu ana majibu ya kila kitu.

Hatua chache mbele, ardhi ikaondoka. Haikupasuka, haikulia. Tuta lilishuka tu chini yangu kimya kimya, kokoto zote na mimi juu yake, na maji meusi yakanifika kifuani. Niliinua macho, nikaona reli mbili zimebaki hewani juu ya kichwa changu, na mataruma yananing'inia. Chini yake hapakuwa na kitu. Kofia ilikwenda, nyundo ilikwenda, bendera ya kijani ilikwenda. Nikashika mizizi ya mafunjo nikajiburuta mpaka juu, upande wa kambini, nimepakwa tope kuanzia utosini, na bendera nyekundu mkononi nayo imekuwa nyeusi nusu.

Biira alikuwa palepale kwenye kituo chake, kapu kichwani. Aliponiona alipiga yowe.

"Biira! Ni mimi, Masereka! Njia imezama!"

"Masereka? Nini imekula wewe?"

"Reli iko hewani! Gari linakuja! Mimi nakimbia mbele, wewe kaa hapa, pepea!"

Nikakimbia. Treni haisimami kama baiskeli; inahitaji nafasi ndefu, na kila hatua niliyoongeza ilikuwa ya kuwaokoa watu wale. Chapuchapu ilipotokeza kwenye kona nilipiga magoti kwenye reli, nikafungua kopo. Nilijua. Wallahi, nilijua kilichomo. Lakini mkono uliingia wenyewe, ukatoka umejaa karanga.

Nilizitazama zile karanga, na niliona nimewaua watu.

Nikasimama katikati ya reli, nikapepea bendera, napiga kelele mpaka koo likachanika. Injini ikaja. Ikapiga honi. Ikaja. Niliruka kando sekunde ya mwisho, na Saidi akachungulia kwenye dirisha lake, uso umejaa huruma na kicheko.

"Leo hapana, baba!" alipaza sauti. "Amri ya mukubwa! Vaa kofia kwanza!"

Akapita. Ikanipita! Mimi, mtembea njia, nikiwa na bendera nyekundu mkononi! Abiria wakaninyooshea vidole madirishani, mtu wa matope, wakacheka. Mafundi wale nilikula nao kila siku, na hakuna aliyenitambua. Nilipiga ubavu wa behewa kwa viganja, nao wakapiga kutoka ndani kunijibu, wakidhani nacheza. Nikabaki nakimbia nyuma ya behewa la mwisho, karanga zinalia kiunoni, chaka chaka chaka, na mbele yao hapakuwa na mtu isipokuwa mama mmoja wa samaki.

Yaliyofuata niliyaona kwa mbali. Biira alipepea kitambaa chake. Injini haikupunguza mwendo. Alipepea kwa mikono miwili. Saidi alipiga honi, kumwambia aondoke. Basi Biira akatupa kitambaa chini, akashusha kapu kichwani, akalipindua. Akamwaga samaki wote juu ya reli. Kisha akawa anawaokota na kuwarusha kuelekea kwenye injini, mmoja mmoja, analia.

Breki zikalia. Mlio ule nausikia hata sasa. Magurudumu yakashika, cheche zikaruka, halafu yakafika kwenye samaki na kuanza kuteleza, maana ngege aliyepondwa ni mafuta matupu. Niliona treni nzima inateleza na breki zimeshika, inakwenda taratibu kuelekea kwenye shimo, na vicheko vya madirishani vimegeuka mayowe. Hapo Saidi akamwaga mchanga. Kila injini ina sanduku la mchanga wa kumwaga mbele ya magurudumu, na kwenye unyevu wa kinamasi mchanga huganda. Saidi alikuwa anaukausha wake kila asubuhi juu ya jiko la injini, nasi tulikuwa tunamcheka kwamba anapika ugali wa changarawe. Ule mchanga ulitoka mkavu. Magurudumu yakaiuma reli, treni ikatikisika, ikasimama.

Nilipofika, magurudumu ya mbele yalikuwa yamesimama kwenye kokoto za mwisho, na maji yalikuwa yanatoka chini yake. Saidi alikuwa ameshuka. Alitazama reli zinazoning'inia, akanitazama mimi, akanitambua, akakaa chini. Abiria waliteremka wote. Walikuwa wanaume sitini hivi. Kisha karani mmoja aliinama, akaokota samaki, akamfuta kwa shati lake, akamtia kwenye kapu la Biira. Mwingine akainama. Wakainama wote, wanaokota samaki, hata waliopondwa, kama vile kuacha mmoja kungekuwa dhambi.

Saidi akamsogelea Biira.

"Mama, ulijuaje miye nitasimama?"

"Kitambaa ulikataa," Biira alisema. "Nikasema, huyu anajua mimi. Siku zote hizi mimi nabishana naye kwa samaki moja tu. Akiona mimi namwaga yote, atajua kifo iko mbele."

Akanigeukia mimi. Akaokota kitambaa chake chekundu, akanitia mkononi. "Chukua bendera yako, mwanangu. Imekufa hii." Hakusema kwa ukali, na afadhali angenizaba kofi. Akabeba kapu lake la samaki waliochafuka, akashika njia kwa miguu. Hakupanda Chapuchapu tena mpaka siku yake ya mwisho.

Mchana, yule mkubwa wa njia akaja. Akatupanga mstari mmoja. Akaniuliza fataki ziko wapi, kwa nini sikufunga hata moja. Nililifungua kopo. Karanga zilikuwa zimelowa, zimevimba. Alizitazama, na mimi nilitamani anipige.

"Kumi na mbili zilikwenda wapi? Nani alitoa ruhusa?"

Nikafungua mdomo. Kabla sijapata neno, visigino viligongana pembeni yangu.

"Mimi, afande!" alisema mzee Thembo. "Mimi nimeamuru. Mimi nimefunga kwa reli na mkono yangu."

Ilikuwa kweli. Lakini haikuwa kweli yote. Hakusema ilikuwa harusi ya nani. Hakusema ni mkono wa nani uliofungua kopo na kumpa moja moja, unacheka. Na hakusema lolote juu ya mafunjo, kwa sababu hakujua kwamba niliyaona. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa na mke wa wiki tatu. Nikanyamaza. Thembo alifukuzwa kazi kabla jua halijatua, na aliondoka kwa miguu kuelekea nyumbani, ambako kulikuwa Maliba kama kwetu, koti lake la vita begani. Alitembea juu ya mataruma mpaka tusimwone tena, hakugeuka.

Mnataka kujua kazi yetu ilibadilikaje baada ya hapo? Tuta lilijengwa upya kwa mawe, fataki zikaletwa sanduku zima, na Saidi akawa anasimamisha gari kwa kila kitambaa, chenye kofia na kisicho na kofia, amri au hakuna amri, anashuka mwenyewe kuuliza kuna nini. Walimwonya mara mbili. "Waniandikie barua ya onyo," alisema. "Miye nilishapita nyekundu mara moja." Mimi nilibakishwa kazini, tena nikasifiwa kwamba nilikimbia. Nilisifiwa! Sifa ile niliibeba mwaka mzima.

Mwaka ulipokwisha nikapanda Maliba siku ya mapumziko. Nilimkuta mzee Thembo anapalilia kahawa yake, amekonda, kikohozi kimemzidi. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nikavua kofia.

"Mzee, siku ile nilinyamaza. Na mafunjo niliyaona yameinama. Niliyaona, nikapita."

Alisimama na jembe lake. Nilimwona anashtuka, macho yakamtoka, maana muda wote huo alikuwa anaamini kosa lilikuwa lake peke yake. Nilingoja anitukane. Alikohoa mpaka akamaliza.

"Kopo iko wapi?" aliuliza.

Lilikuwa kiunoni. Tangu siku ile sikulivua isipokuwa kulala.

"Fungua. Hesabu."

Nikapiga magoti pale kwenye udongo wa shamba, mke wake ananitazama kutoka mlangoni, nikazipanga juu ya jani la mgomba, moja, mbili, tatu, mpaka kumi na mbili. Akaokota moja, akaipima kiganjani, akairudisha mahali pake.

"Hii iko ya nani?"

"Ya watu ndani ya gari, afande."

"Basi unafanya nini hapa? Gari ya jioni inakuja. Rudi kazi!"

Nilikuwa mapumzikoni, zamu ilikuwa ya mwenzangu. Sikumwambia. Nikateremka mlima mbio, kopo nimelikumbatia kwa mikono miwili lisitikisike.